Shusheni wenye kelele, msiwapandishe wapole

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa nyumbani Binza, kule Simiyu, siku kumi za kula michembe na kulala mapema. Nimerudi hapa Dodoma jana usiku, miguu imevimba, na nina hasira. Hasira yenyewe inahusu muziki. Vumilieni, leo ni ndefu.

Nianze na safari. Tumeondoka Maswa alfajiri. Tulipopita Shinyanga, konda akachomeka flashi kwenye redio ya basi. Ukaanza wimbo wa zilipendwa, ile miaka ya sabini, gitaa linasikika kama liko kijiji cha jirani. Abiria wakaanza: "Konda, ongeza sauti!" Konda akaongeza. Tukaburudika dakika nne. Wimbo ukaisha, ukafuata wa singeli. Mamamaa! Mtoto aliyekuwa amelala mapajani kwa mama yake, kiti cha mbele yangu, aliruka utadhani kamwagiwa maji. Konda akapunguza. Ikafuata kwaya, haisikiki. Ongeza. Ikafuata Bongo Fleva, punguza. Kati ya Nzega na Igunga nilihesabu: mkono wa konda ulienda kwenye kitufe mara kumi na nne. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Hii redio yenu ina shetani." Basi zima likacheka.

Mie sikucheka sana, maana mwenzenu nilikuwa natoka nyumbani ambako shetani huyo huyo ametuharibia kitu ambacho hakinunuliki.

Sasa msikilize.

Babu yangu mzaa baba alikuwa anapiga ndono. Kwa wasioijua, ni upinde wenye waya na kibuyu. Unagonga waya kwa kijiti, kibuyu kinakaa kifuani, unakisogeza na kukirudisha ili sauti ifunguke na kufunga. Si ala ya uwanjani. Haishindani na ngoma. Ni ala ya jioni, watu wachache, moto umeshapungua. Babu alifariki mwaka 2014. Mwaka 2011 binamu yangu alimrekodi kwa simu ndogo ya Nokia, uani kwa bibi, dakika nne na sekunde kumi na moja. Mwanzoni unasikia pumzi yake, halafu kijiti, halafu anaimba kwa sauti ya chini kama anamwambia mtu siri. Kwa mbali kuna kuku. Hiyo ndiyo rekodi pekee ya babu. Hakuna nyingine.

Rekodi hiyo ilikuwa kwenye memori kadi ya bibi, pamoja na nyimbo mia mbili na zaidi: wigashe, kwaya, zilipendwa, na hizi za Kisukuma za siku hizi ambazo vijana wameijaza YouTube. Bibi ana redio ndogo yenye tundu la memori kadi, wote mnaijua. Shida yake ilikuwa ile ile ya konda. Wimbo huu haumfikii, unaofuata unamtoa kitini. Baba mdogo, kwa nia njema kabisa, akaipeleka kadi mjini kwenye kibanda kimoja cha kuingizia nyimbo. Akamwambia kijana: "Zisawazishe zote ziwe na sauti moja." Kijana akasema hiyo kazi ndogo, shilingi elfu tatu. Jioni kadi ikarudi, nyimbo zote zimepandishwa mpaka juu.

Bibi akaweka wimbo wa babu.

Nilikuwepo. Pumzi ya babu imekuwa kama upepo wa kiangazi. Kuku aliyekuwa mbali uani sasa amekaa begani kwake. Kila kijiti kikigonga waya kuna mkwaruzo, kraa, kraa, kama spika imepasuka. Na ile siri anayoimba imekuwa tangazo la mnada. Bibi alisikiliza kama nusu dakika, akazima. Akasema: "Huyu anapiga kelele. Babu yenu hakuwa mtu wa kupiga kelele."

Baba mdogo akarudi kibandani kesho yake kuomba ile ya zamani. Hakuna ya zamani. Kijana alihifadhi mpya juu ya ile ile.

Sasa ndiyo nimekuja kusema kwa sauti kubwa (samahani kwa neno): namna tunavyosawazisha nyimbo zetu ni ya kinyume. Tunachukua nyimbo pole tunazipandisha zifanane na zile za kelele. Inatakiwa iwe kinyume chake. Shusha wenye kelele wafike kwa wapole, halafu ukitaka sauti zaidi zungusha kitufe cha redio. Kitufe kiliwekwa kwa kazi hiyo!

Najua mtu wa Engineering ameshainua kidole huko. Tulia kaka, nakuja.

Muziki ukiwa faili una dari. Zamani kwenye kanda ukizidisha kidogo kanda inavumilia, inachafuka taratibu. Kwenye faili hakuna kuvumiliana. Dari ni dari, linaitwa sifuri, na kila sauti iliyo chini yake inaandikwa kwa namba hasi. Sauti ikigonga dari inakatwa kichwa. Ule mkwaruzo uliousikia kwenye kijiti cha babu ni vichwa vilivyokatwa.

Sasa wimbo una namba mbili tofauti, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuna kilele, yaani ile nukta moja ya juu kuliko zote. Na kuna wastani, yaani ukubwa ambao sikio linauhisi wimbo ukiwa unaendelea. Wastani huu siku hizi unapimwa kwa kipimo kinachoitwa LUFS. Niliporudi jana usiku sikulala, nikazipima. Rekodi ya babu ile ya asili (subirini, nitawaambia nimeipataje) wastani wake ni kama hasi 27. Singeli moja iliyo kwenye kadi ile ile ni hasi 7. Tofauti desibeli 20! Kwa kawaida desibeli 10 sikio linazihisi kama sauti imekuwa mara mbili, kwa hiyo singeli ile inasikika kama mara nne ya babu. Mtoto wa kwenye basi alikuwa na haki ya kuruka.

Lakini angalieni vilele. Kilele cha singeli kiko darini kabisa. Kilele cha babu kiko hasi 3, kwa sababu kuna mahali kijiti kimegonga waya kwa nguvu. Yaani kwa vilele hawa wawili wanakaribiana, wakati kwa wastani wako mbali kama Bariadi na Dar. Ndiyo maana zile programu ambazo "zinasawazisha" kwa kuangalia kilele hazisaidii chochote. Zinaona wote warefu, zinasema kazi imekwisha.

Sasa fanya hesabu, haihitaji calculus. Babu ana nafasi ya desibeli 3 tu mpaka darini. Kijana wa kibandani alimpandisha kama 18. Hizo 15 za ziada zimeenda wapi? Zimeminywa. Programu inakandamiza vilele, inainua kila kilichokuwa chini: pumzi, kuku, mvumo wa simu. Kile kilichokuwa mbali na kilichokuwa karibu vinakuwa sehemu moja. Na kilichobaki kupita dari kinakatwa. Ukishahifadhi hivyo, hakuna programu duniani itakayokurudishia. Huwezi kurudisha maharage kutoka kwenye maharage yaliyopondwa.

Upande wa pili sasa. Ichukue singeli, ishushe desibeli 15. Imepoteza nini? Hakuna. Midundo yote iko pale pale, ukubwa kwa udogo wake, uwiano haujaguswa. Sauti ya daraja la CD ina nafasi ya desibeli 96 hivi kutoka juu mpaka chini, kwa hiyo hata ukishuka 15 bado umebakiwa na uwanja mkubwa kuliko masikio yetu yanavyohitaji bwenini, penye feni na watu wanaobishana mpira. Kupandisha kunaharibu, kushusha hakuharibu. Halafu bado mtu anachagua kupandisha. Kwa nini?

Kwa sababu sikio letu ni tapeli. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapokea besi kidogo sana kuliko sauti za kati, na ikiongezeka besi nayo inafunguka. Kwa hiyo chukua wimbo mmoja, nakala mbili, moja izidi nyingine desibeli mbili tu. Watu wengi watakwambia ile kubwa ina ubora zaidi, besi imejaa, studio yake kali. Mshikaji unadhani umechagua muziki, kumbe umechagua desibeli mbili!

Maprodyuza wanalijua hilo. Kuanzia miaka ya tisini, huko Ulaya na Marekani, kila studio ilitaka CD yake isikike kubwa kuliko ya jirani, wakabana na kubana. Mwaka 2008 Metallica walitoa albamu ya Death Magnetic, imebanwa mpaka inakwaruza. Mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zile zile zilizowekwa kwenye gemu la Guitar Hero zilikuwa na nafasi ya kupumua kuliko kwenye CD waliyoilipia. Wakasaini malalamiko kwa maelfu. Fikiria, mashabiki wa muziki wa magitaa ya kupiga kelele ndio wanalalamika kelele imezidi!

Dawa imeshapatikana zamani. Mwaka 2001 Mwingereza David Robinson alipendekeza utaratibu aliouita ReplayGain. Wazo lake ni rahisi mpaka linaudhi: programu inasikiliza wimbo mzima, inapima wastani, halafu inaandika kikaratasi ndani ya faili: "huyu ashushwe desibeli 9," "huyu asiguswe." Muziki wenyewe haubadilishwi hata chembe. Pleya ikifika kwenye wimbo inasoma kikaratasi, inashusha wakati wa kupiga. Ukichoka, unafuta kikaratasi, wimbo uko kama ulivyozaliwa. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, likatoa namna rasmi ya kupima wastani huo, na mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ukaweka lengo la hasi 23 kwa vituo vyao. Spotify kwa kawaida inalenga hasi 14. YouTube nayo inaushusha wimbo uliozidi. Yaani siku hizi ukiminya wimbo wako mpaka hasi 6, ukiingia huko unashushwa tu, na ukishushwa unabaki bapa, wakati wa jirani aliyeacha nafasi unaruka na kucheza. Umejibana bure.

Lakini hebu tujiulize, nani anafaidi dawa hiyo? Mwenye bando. Bibi yangu hana Spotify. Konda wa basi hana. Bajaji, kinyozi, muuza chipsi, sabufa za harusi, redio za wachungaji kule Meatu, wote ni flashi na memori kadi. Huko hakuna anayeshusha mtu. Wenye bando wamesawazishiwa na kampuni, wenye memori kadi wameachiwa konda na kijana wa kibandani. Na ndiko ambako rekodi za pekee ziko! Hakuna atakayeikuta ndono ya babu kwenye Spotify. Iko kwenye kadi ya elfu nane, ndani ya redio yenye mpini uliofungwa kwa waya.

Sasa nije kwa wapinzani wangu, maana jana usiku tumebishana chumbani mpaka saa nane na jirani akagonga ukuta.

Mpinzani wa kwanza ni mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye wikiendi anapiga muziki kwenye sherehe. Anasema: "Watu wanataka mzuka. Mzuka ni sauti." Akaongeza na la kunichoma: "Hata nyie Wasukuma, Bagika na Bagalu si wanashindana nani atavuta watu? Hiyo si kelele?" Nikamwambia umesoma nusu. Kwenye Bulabo pale Bujora, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni anayevuta umati. Kama ushindi ungekuwa nani anapiga ngoma kwa nguvu zaidi, basi wangenunua ngoma kubwa wakamaliza. Wanavuta watu kwa nyoka, kwa vichekesho, kwa mtindo mpya, kwa manju anayejua kuchoma kwa maneno. Mtu anasogea kwa sababu kuna kitu cha kuona. Na ngoma ikishuka ghafla, ndipo watu wanapoinua shingo. Mzuka uko kwenye tofauti kati ya kidogo na kikubwa. Ukifanya kila kitu kikubwa umeua mzuka kwa mkono wako.

Mpinzani wa pili ana hoja nzito na ninamheshimu. Anasema: "Simu yangu ya elfu sitini spika yake ndogo. Nikishusha nyimbo zote, nitasikia nini kwenye daladala?" Kweli. Mimi mwenyewe nimeumia hilo. Ukilenga hasi 23 kama watangazaji wa Ulaya, simu nyingi za kwetu zinaishiwa nguvu. Basi lenga juu kidogo, hasi 18 au hasi 16, nyimbo nyingi bado zitashuka na chache pole zitabaki chini kidogo. Na kwenye basi ambako injini inameza kila kitu kidogo, sikatai kubana. Lakini bana wakati wa kupiga, au bana nakala ya safari. Faili la asili liache. Mtu hakati miguu ya kitanda kwa sababu leo analala chini.

Mpinzani wa tatu ndiye aliyeniudhi. Huyu anasema nyimbo za zamani na za kijijini "zimerekodiwa vibaya" kwa hiyo kuzipandisha ni kuzisaidia. Nani kakwambia? Bendi nyingi za dansi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikipiga pamoja, na fundi akaacha nafasi juu makusudi ili tarumbeta zikiingia zisigonge. Ile nafasi unayoiona tupu ndiyo nyumba ya tarumbeta. Sauti yake ndogo haina maana ya ubovu. Na sehemu kubwa ya uchafu unaousikia umeingia baadaye, kanda kwenda kanda, kanda kwenda MP3, kila mtu "akiboresha" kidogo. Tumemnyanyasa marehemu miaka arobaini halafu tunasema alikuwa na sauti mbaya.

Halafu kuna masikio yenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na ITU walitoa kiwango cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda mpaka 90, zile saa 40 zinabaki 4 tu. Wewe uko maktaba na hedifoni, umeongeza sauti ili umsikie Bi Kidude vizuri, unafuata wimbo uliominywa na unakupiga katikati ya fuvu. Ukifanya hivyo kila siku kuanzia mwaka wa kwanza, siku ya mahafali utasomewa jina lako usisikie.

Haya, sitaki mseme nalalamika tu. Cha kufanya ni hiki, na hakihitaji bumu.

Kwanza kabisa, nakili. Kabla ya kugusa chochote, nakala nzima iende kwenye kompyuta au flashi nyingine, na hiyo usiiguse tena. Fundi yeyote atakayekwambia hahitaji nakala, chukua kadi yako uondoke.

Pili, kwenye kompyuta tumia programu inayopima wastani na kuandika kikaratasi. Foobar2000 inafanya hivyo na ni ya bure. VLC nayo inasoma vikaratasi hivyo ukiiruhusu kwenye mipangilio.

Tatu, redio za memori kadi na redio za magari nyingi hazisomi kikaratasi. Hapo kuna MP3Gain, ya bure pia. Haifungui muziki na kuufunga upya. Inabadilisha namba ya ukubwa iliyoko ndani ya kila kipande cha faili la MP3, kwa hatua za desibeli 1.5, na inaweka kumbukumbu ili uweze kurudi nyuma. Ukiifungua utakuta lengo limeandikwa 89. Liache! Watu wanaona nyimbo zimepungua, wanapaniki, wanaandika 98, halafu mikwaruzo inaanza na wanasema programu mbovu. Nyimbo kupungua ndiyo dalili kwamba imefanya kazi. Ipe nakala lakini, si faili la asili.

Nne, albamu isawazishe kama albamu. Kama msanii ameweka wimbo mmoja wa kunong'ona katikati ya mingine ya kupaza, alikuwa na sababu. Ukiulazimisha ulingane na mingine, umemkosoa bila kuulizwa. Programu nilizotaja zote zina chaguo hilo.

Tano, na hii nawaambia vijana wenzangu mlio na vibanda: andika bei mbili ukutani. "Kuingiza nyimbo" bei yake, "kuboresha" bei yake, na chini yake andika kwamba faili la mteja halifutwi. Mteja haelewi kwamba akisema "sawazisha" kuna njia ya kurudi na njia isiyo na kurudi. Wewe unaelewa, au unapaswa kuelewa. Yule kijana simchukii. Alifanya alichoombwa kwa programu aliyofundishwa, na sauti ikawa kubwa, na kwa kila mteja mwingine kubwa ndiyo nzuri. Hakuna aliyewahi kumrudia akalia. Sisi tumekuwa wa kwanza.

Sasa niwamalizie habari ya babu. Kesho yake nikampigia shangazi aliyeko Bariadi. Nikamuuliza, hivi mwaka ule msiba ulipoisha, si binamu alimrushia mtu wimbo kwa Bluetooth? Akasema alirushiwa yeye, kwenye simu yake ya zamani, iko kwenye kabati, betri imevimba. Nikapanda gari mpaka Bariadi, nikazunguka kwa mafundi nikapata betri iliyotumika kwa elfu tano. Simu ikawaka! Na wimbo upo. Bluetooth ina wema wake: haiboreshi mtu, inahamisha faili kama lilivyo. Pumzi ndogo, kijiti, kuku mbali kabisa.

Nikarudi Binza nikakaa na laptopu ya kuazima. Zile nyingine zilizopandishwa zilikuwa na wenzao kwa majirani, nikazikusanya upya kadi kwa kadi, siku mbili nzima. Halafu nikazishusha zote. Wigashe zimeshuka kidogo, kwaya kidogo zaidi, singeli imeshuka sana mpaka mdogo wangu akaninunia. Babu sikumgusa. Nikamwacha hasi 27 yake, wengine nikawaleta karibu naye kadiri ilivyowezekana.

Jioni bibi akaweka kadi. Wimbo wa kwanza ulipoanza akasema mbona haisikiki, akazungusha kitufe mpaka karibu na mwisho. Nikajua hapa ndipo nitakapoaibika. Ukafuata wa pili, hakushtuka. Wa tatu, wa nne, mkono wake ukabaki mapajani. Ulipofika wa babu akasogeza redio karibu kidogo, kama kiganja kimoja, akainamisha kichwa.

Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Nakala nimeweka tatu: moja kwangu, moja kwa shangazi, moja kwa binamu aliyeirekodi. Wewe unayesoma hapa, leo jioni kabla hujalala, ingia kwenye simu yako utafute ile rekodi ya mtu wako ambayo ni moja tu. Inakili. Ukishamaliza ndipo uje tubishane habari za mzuka.

Ngoja nikimbilie lekcha ya saa mbili, mwalimu huyu akifunga mlango hafungui. Tuonane wiki ijayo.